Kompresa Ndogo na Bunduki ya Misumari: Hotuba kwa Mafundi Seremala Wanaoanza, Dodoma

Ndugu Mwenyekiti wa kikundi chetu, wazee wetu wa karakana, mafundi wenzangu kutoka Chang'ombe, Majengo, Nkuhungu na Kizota, na ninyi vijana, wa kike na wa kiume, mliomaliza mafunzo hivi karibuni na ambao kwa ajili yenu tumekutana leo: Mbukwenyi! Nimeombwa nizungumzie matumizi ya kompresa ndogo ya kubebeka, yaani mashine ya kukandamiza hewa, pamoja na bunduki ya misumari inayoendeshwa kwa hewa hiyo, kwa fundi ambaye hajawahi kuzishika, nami nitajitahidi nisitoke nje ya jambo hilo, ingawa ninafahamu kwamba wapo miongoni mwenu ambao wangependa kwanza tuzungumzie bei ya mbao.

Haja ya zana hizi hapa kwetu haikuzuka tu. Tangu Serikali ilipoanza mwaka 2016 kuutekeleza kwa kasi uamuzi wa mwaka 1973 wa kuyahamishia makao makuu ya nchi Dodoma, kazi ya useremala katika jiji hili imebadilika sura. Mteja anayejenga Iyumbu, Ihumwa au Nzuguni haagizi tena meza moja na viti vinne. Anaagiza makabati ya jikoni ya ukuta mzima, makabati ya nguo ya kujengewa ndani ya chumba na fremu za milango yote, na anataka vitu hivyo viwe vimekamilika siku anapohamia. Fundi mwenye nyundo peke yake anaiweza kazi hiyo, na wazee waliopo hapa wameifanya kwa miaka mingi kwa ustadi ambao sisi wengine tunauonea wivu, lakini kupigilia mgongo mwembamba wa kabati kwa nyundo, huku mkono mmoja umeshika msumari na gundi inaanza kukauka, ni kazi inayokula muda na wakati mwingine inaumiza vidole. Bunduki ya misumari inauacha mkono mmoja huru kuushikilia ubao, na msumari unaingia wote kwa pigo moja kabla ubao haujateleza.

Hoja yangu ni kwamba anayeanza aijue hewa kabla ya kuujua msumari. Macho ya mwanafunzi huvutwa na bunduki, kwa kuwa ndiyo inayolia na ndiyo inayoonekana kufanya kazi, na kompresa iliyo pembeni huichukulia kama jambo la fundi umeme. Kumbe msumari unaobaki umetokeza kichwa, msumari unaozama hadi ukapasua ubao, bunduki inayokwama kila baada ya mapigo machache, na mota inayoungua ikiwa bado mpya, kwa sehemu kubwa vyote vina asili moja, nayo ni hewa isiyopimwa, isiyo kavu au isiyotosha.

Kompresa tunayoizungumzia ni ile yenye tangi la lita 24 hivi, na zipo ndogo zaidi na zipo za lita 50, yenye mota ya umeme ya kilowati 1 hadi 1.5, ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba au kuiburuta kwa magurudumu yake. Mota inaendesha pistoni. Pistoni inavuta hewa kupitia chujio, inaikandamiza na kuisukumia tangini. Swichi ya presha inakata umeme yenyewe tangi likifikia kiwango cha juu, ambacho kwa nyingi ni bar 8 kwa kipimo cha presha, sawa na psi 116, na kuurudisha presha inaposhuka hadi bar 6 hivi. Kuna geji mbili. Ya kwanza inaonyesha hewa iliyomo tangini, na ya pili, iliyo karibu na mahali unapochomeka mpira wa hewa, inaonyesha hewa inayokwenda kwenye bunduki baada ya kupita kwenye regyuleta, yaani kidhibiti cha presha. Hii ya pili ndiyo geji yako ya kazi, ndiyo unayoirekebisha kwa kuzungusha kitasa cha regyuleta, na ndiyo ambayo wengi hawaitazami. Pembeni yake kuna vali ndogo ya shaba yenye pete. Hiyo ni vali ya usalama, inayofunguka yenyewe swichi ya presha ikishindwa kukata. Anayeifunga kwa waya, au anayeing'oa na kuweka bolti mahali pake kwa sababu inavuja, amegeuza tangi lake kuwa bomu, na hapo sitii chumvi.

Sasa niwaombe subira kidogo kwa hesabu, maana bila hesabu hii mtanunua mashine isiyowafaa. Tangi la lita 24 likiwa limejaa hadi bar 8, na bunduki ikihitaji bar 5 ili ipige vizuri, hewa unayoweza kuitumia kabla presha haijashuka chini ya mahitaji ni tofauti ya bar 3 mara lita 24, yaani lita 72 za hewa ya kawaida. Bunduki ndogo ya misumari myembamba hutumia takribani lita 1, mara nyingi pungufu, kwa kila pigo. Kwa hiyo hata mota ikiwa imezimwa kabisa una makumi kadhaa ya mapigo mfululizo ndani ya tangi hilo, na kwa kuwa fundi wa kabati hapigi mfululizo bali anapiga, anapima, anapaka gundi na kupiga tena, mota inapata muda mrefu wa kupumzika. Hii ndiyo sababu kompresa ndogo inatosha kabisa kwa misumari na haitoshi kwa kupuliza rangi ya milango: bunduki ya rangi inakunywa hewa bila kukoma, pengine lita 150 au zaidi kwa dakika, na mashine ndogo itanguruma mchana kutwa bila kuifikia. Muuzaji atakuambia kwamba inafanya yote mawili. Mwache aseme.

Hapa Dodoma kuna jambo jingine ambalo halimo katika kijitabu kinachokuja na mashine. Jiji letu liko takribani mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 12. Kompresa inayojaza tangi kwa dakika 2 kule pwani itachukua zaidi kidogo hapa, kwa kuwa kila mvuto wa pistoni unaleta hewa pungufu. Ukiongeza kwamba namba ya lita kwa dakika iliyoandikwa ubavuni mwa mashine nyingi ni ya hewa inayovutwa na siyo ya hewa inayotoka, utaona kwamba ni busara kuchukua mashine yenye uwezo kidogo kuliko ile unayodhani inakutosha. Samahani, nilitaka kusema yenye uwezo zaidi kidogo; mzee wangu pale mbele amenitazama na ana haki.

Jambo la umeme nitalikalia zaidi, kwa sababu ndilo linaloua mashine nyingi za wanaoanza. Mota ya kilowati 1.5 kwenye umeme wetu wa volti 230 hutumia ampea 6.5 hivi ikiwa inazunguka, lakini sekunde ile inapoanza huvuta mara kadhaa ya kiasi hicho. Fundi anafika kwa mteja, anakuta soketi moja tu inayofanya kazi upande wa pili wa nyumba, anatandaza ekstensheni nyembamba ya mita 30, ile inayofaa redio na kuchaji simu, na kuichomeka kompresa mwisho wake. Umeme unapungua nguvu njiani ndani ya waya ule mwembamba, mota inanguruma bila kuzunguka, waya unapata moto, na usipouzima upesi mota inaungua. Iweke kompresa karibu na soketi na urefushe mpira wa hewa badala ya waya. Mpira wa mita 15 au 20 unapoteza presha kidogo tu kwa bunduki ndogo, na hauna hatari ya moto. Kama ni lazima kurefusha waya, basi uwe wa milimita za mraba 2.5, ukunjuliwe wote, usiachwe umeviringishwa kwenye gurudumu lake. Wenye kazi za Chamwino, Bahi au vijijini Kongwa wanaotegemea jenereta wakumbuke kwamba ile ndogo ya kilowati 1 haitaweza kuiamsha mota hiyo, hata kama kwa kusoma namba peke yake inaonekana imeikaribia.

Sikilizeni pia mlio wa mashine inapojizima. Tangi likijaa na umeme ukikatwa, mtasikia pumzi fupi ya hewa ikitoka karibu na swichi. Hiyo ni hewa iliyokuwa imebaki juu ya pistoni inayoachiwa, ili mota itakapoanza tena isisukume mzigo. Usipoisikia pumzi hiyo, mota itakuwa inaanza kwa shida kila mara, na utalaumu umeme wa TANESCO kwa kosa la vali ya shilingi chache. Kwa sababu hiyo hiyo, kompresa inazimwa kwa swichi yake, haizimwi kwa kuchomoa plagi, kwani ukichomoa plagi hewa ile haiachiwi.

Tuje kwenye maji. Hewa yoyote ina unyevu, na ikikandamizwa kisha ikapoa unyevu huo unageuka maji chini ya tangi. Wakati wa kiangazi chetu kirefu maji hayo ni machache, lakini kati ya Desemba na Aprili, mvua zinapokuwepo, utayaona yakitoka na rangi ya kutu. Yakiachwa yanakula chuma kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki, na siku moja tangi linapasuka likiwa na presha kamili. Kila jioni punguza presha hadi bar 1 hivi, kisha fungua koki iliyo chini ya tangi, na hewa iliyosalia itayasukuma maji yote nje. Tangi lililotoboka kwa kutu halichomelewi. Linatupwa, hata kama jirani yako ni mchomeleaji hodari kuliko wote mjini. Na kwa kuwa upepo wetu unabeba vumbi jekundu miezi mingi ya mwaka, chujio la hewa lifunguliwe na kukung'utwa mara nyingi kuliko kijitabu kinavyosema, na mashine isikae chini ya meza ya msumeno inapomwagikia mavumbi ya mbao.

Kuhusu mafuta nitasema kwa ufupi, maana kuna aina mbili na zinachanganywa. Kompresa nyingine haihitaji mafuta kabisa, ina kelele zaidi na haidai matunzo mengi. Nyingine ina kioo kidogo chenye duara jekundu, na mafuta yake ya kompresa yanapaswa kuonekana katikati ya duara hilo, na mashine ya aina hiyo isafirishwe ikiwa imesimama, isilazwe juu ya bodaboda. Bunduki yenyewe ni jambo jingine: nyingi zinataka matone mawili au matatu ya mafuta mepesi ya zana za hewa kwenye tundu la kuingizia hewa kabla ya kazi kuanza. Mafuta ya injini ni mazito na yanagandisha vumbi ndani, na dawa za kulegeza kutu zinaharibu raba za ndani.

Mkishaifahamu kompresa, bunduki itakuwa nyepesi. Kwa anayeanza ninapendekeza ile ya misumari myembamba ya namba 18, yenye unene wa milimita 1.2 hivi, ambayo madukani pakiti zake zimeandikwa F30, F40 au F50, maana yake urefu wa milimita 30, 40 au 50. Kanuni ya urefu ni kwamba msumari uwe takribani mara 3 ya unene wa ubao unaofungwa, ili theluthi mbili ziingie kwenye ubao unaopokea. Ubao wa milimita 12 unadai msumari wa 35 au 40. Pakiti zenye herufi ST ni misumari ya zege, inahitaji bunduki yake yenyewe na haiingii katika hii.

Kabla ya kugusa kazi ya mteja, chukua kipande kilichobaki cha ubao uleule, weka regyuleta kwenye bar 5, piga msumari mmoja na utazame kichwa chake. Kinatakiwa kizame milimita 1 au 2 tu chini ya uso, shimo likubali pati na msasa. Kikibaki juu, ongeza nusu bar na upige tena; kikizama mno, punguza. Usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye bunduki, ambacho kwa nyingi ni kati ya bar 7 na 8, kwa imani kwamba nguvu zaidi ni kazi bora zaidi. Hewa iliyozidi inapasua ubao, inavunja ulimi wa chuma unaousukuma msumari, na inamrudishia fundi mshtuko mkononi. Jaribio hili lirudiwe kila unapobadilisha mbao, kwa sababu paini kutoka Sao Hill na mninga si ndugu: presha inayozamisha msumari vizuri kwenye paini itauacha nusu nje kwenye mninga, au itaupinda. Kwenye mninga na mkongo uliokauka sana, mimi ninaona ni afadhali kutoboa tundu jembamba na kutumia skrubu kuliko kulazimisha.

Msumari huu mwembamba, ndugu zangu, haubebi mzigo. Kazi yake ni kuushikilia ubao mahali pake hadi gundi ikauke, na nguvu ya kiungo inabaki kwenye gundi na kwenye ulimi na tundu lake, kama mlivyofundishwa. Kitanda kilichoungwa kwa misumari ya F50 peke yake kitarudi kwako kabla ya mwaka kwisha, na mteja hatarudi nacho peke yake, atarudi na majirani. Hapa Dodoma ukavu wa hewa unalifanya jambo hili kuwa kali zaidi, kwa sababu mbao zinazoshuka kutoka nyanda za Mufindi, kwenye baridi na ukungu, zinaendelea kukauka na kusinyaa zikifika huku. Zikipigiliwa siku ileile zilipoteremshwa kwenye lori, viungo vinafunguka na vichwa vya misumari vinajitokeza. Zipangeni kivulini na vijiti katikati yake, mzipe wiki kadhaa zizoee hewa ya hapa, ndipo muzifanyie kazi.

Wengi wenu mnajifunza kwa kutazama video kwenye simu, na sioni ubaya wowote. Lakini fahamuni kwamba bunduki hizi zilienea Marekani kuanzia miaka ya 1950 katika ujenzi wa nyumba ambazo kuta zake ni mifupa ya mbao iliyofunikwa kwa bodi, na mafundi wa video hizo wanapopigilia ubao wa chini ya ukuta, nyuma yake kuna mbao inayoupokea msumari. Kuta zetu ni za tofali na plasta. Msumari wa namba 18 ukipigwa kwenye plasta unajikunja, unarudi, au unamega kipande cha plasta na kukirusha usoni. Kwenye ukuta wa tofali toboeni, wekeni plagi na skrubu, au tumieni gundi ya kazi hiyo. Bodi za jipsamu za dari nazo zinataka skrubu, kwa sababu kichwa cha msumari huu ni kidogo mno na kinapenya karatasi ya bodi. Kenchi la paa halimo kabisa katika mazungumzo haya. Hivyo kwa nyumba za kwetu bunduki hii ni zana ya mezani zaidi kuliko ya ukutani: makabati, droo, migongo ya kabati, urembo wa fremu, na vibao vya kuzuia vioo. Mafundi makochi wana ndugu yake anayepiga pini, na wao walitutangulia muda mrefu katika matumizi ya hewa.

Nimefika kwenye jambo la usalama, na hapa ninaomba hata walio nyuma wanaozungumza wanisikilize. Nchini Marekani, kati ya mwaka 2001 na 2005, watu takribani 37,000 kila mwaka walifikishwa kwenye vitengo vya dharura vya hospitali kwa majeraha ya bunduki za misumari. Zaidi ya nusu ya majeraha ya watumiaji wa bunduki hizi huwa ni ya mikono na vidole. Mwongozo uliotolewa na mamlaka za usalama kazini za nchi hiyo mwaka 2011 ulieleza kuwa hatari ya kuumia ni maradufu kwa anayetumia kifyatulio cha mfumo wa kugusa kuliko anayetumia kile cha mfumo wa hatua. Tofauti yake ni hii. Katika mfumo wa hatua, ni lazima ukandamize kwanza ncha ya usalama iliyo mdomoni mwa bunduki juu ya ubao, kisha uvute kifyatulio, na unatoka msumari mmoja. Ili utoke wa pili ni lazima uachie na kuanza upya. Katika mfumo wa kugusa, ukiwa umeshikilia kifyatulio, kila mahali ncha inapogusa msumari unatoka, uwe ni ubao, goti lako au bega la msaidizi anayepita. Bunduki inaruka kidogo kila inapopiga, na katika mfumo huo kuruka kwake kunaweza kuleta pigo la pili ambalo hukulikusudia.

Anayeanza atumie mfumo wa hatua peke yake. Kuitambua bunduki yako ni rahisi: ukiwa na kipande cha ubao kilichobanwa mezani na mikono ya watu ikiwa mbali, vuta kifyatulio kwanza, kisha ndipo ukandamize ncha. Ikipiga, ni ya kugusa. Isipopiga, ni ya hatua. Na zipo bunduki za bei ndogo ambazo hazina ncha ya usalama kabisa, ukivuta tu msumari unaruka hewani. Mwenye karakana anayempa mwanafunzi bunduki ya namna hiyo siwezi kumtetea mbele ya yeyote, na tusisahau kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde anayemfanyia kazi, karakana iwe kubwa au iwe ya mabati chini ya mwembe.

Mkono unaoushikilia ubao ukae sentimita 30 kutoka mahali msumari unapoingia. Watu huona umbali huo ni wa uoga, hadi waone msumari ukikutana na fundo ndani ya ubao na kutokea ubavuni. Msumari mwembamba hufuata nyuzi za mbao, na unapogonga fundo au msumari mwingine unageuka popote. Unapopiga kwenye ukingo mwembamba, ushike mwili wa bunduki ukatize nyuzi, usilale nazo, ili msumari ukipinda upinde kuelekea urefu wa ubao na kubaki ndani yake. Kipande kisichoruhusu umbali wa sentimita 30 kibanwe kwa klampu. Miwani ya kinga ivaliwe na anayepiga na anayemsaidia pia, na masikio yazibwe, kwa sababu mlio wa bunduki ndani ya chumba kisicho na samani ni mkali kuliko unavyoonekana.

Bunduki ikikwama, chomoa mpira wa hewa kabla ya kufungua chochote. Kuzima kompresa hakutoshi, kwa kuwa tangi na mpira bado vina hewa, na bunduki haijui kwamba mota imezimwa. Ndiyo maana pia kile kiungo chenye vali inayozuia hewa kinafungwa upande wa mpira, na kwenye bunduki kinafungwa kile kilicho wazi, ili mpira ukichomolewa bunduki itoe pumzi yake yote palepale. Nimeona vimefungwa kinyume katika karakana zaidi ya moja, na bunduki ya namna hiyo inabaki na pigo moja la siri ndani yake.

Yapo mambo mawili yanayofanyika katika karakana zetu kwa mazoea. La kwanza ni kujipuliza vumbi mwilini, nywelani na nguoni kwa hewa ya kompresa kazi inapokwisha. Hewa ya presha hiyo inaweza kutoboa ngoma ya sikio, kusukumia chembe jichoni, au kuingia mwilini kupitia jeraha. Tumieni brashi. La pili ni la wale wanaopangisha ukuta mmoja na wachomeleaji. Umeme unapokatika, huja wazo la kuiunganisha bunduki kwenye mtungi wa oksijeni wa jirani, kwa kuwa nao una presha. Oksijeni ikikutana na mafuta yaliyomo ndani ya bunduki inalipuka. Bunduki hii inakula hewa tu, na umeme usipokuwepo kuna nyundo.

Likitokea la kutokea na msumari ukamwingia mtu mkononi, usiung'oe, hata kama kichwa chake kiko nje na koleo liko karibu. Misumari hii hupakwa gundi ili ishike kwenye mbao, na inashika vivyo hivyo kwenye nyama; inaweza pia kuwa imepita kando ya mshipa. Funga kitambaa safi bila kuutikisa, mpeleke hospitali, na adai chanjo ya pepopunda.

Mpira na viungo vyake vikaguliwe kwa povu la sabuni, kama wanavyofanya wenzetu wa kuziba pancha. Panapotoka mapovu, funga utepe mweupe wa mabomba na ukaze upya. Kompresa inayowaka yenyewe ilhali hakuna anayepiga ina uvujaji mahali, na uvujaji huo unaulipia kwa luku na kwa maisha ya mota.

Kuhusu kununua, aliyeanza na fedha kidogo namshauri aweke uzito kwenye bunduki yenye ncha ya usalama inayofanya kazi na kwenye mpira mzuri, na kompresa ya lita 24 itamtosha kwa muda mrefu. Mashine iliyotumika si mbaya, lakini ombeni muuzaji afungue koki ya chini mbele yenu. Yakitoka maji meusi yenye magamba ya kutu, ondokeni. Mashine mpya nayo isipelekwe kazini siku hiyohiyo. Iwasheni kwanza koki ikiwa wazi, izunguke bila mzigo kwa muda ulioandikwa kwenye kijitabu, ndipo muifunge na kuiacha ijaze.

Ndugu Mwenyekiti, muda ulionipa umekaribia kwisha, na umeme tunao. Pale mezani kuna kompresa ya lita 24, bunduki moja ya mfumo wa hatua, pakiti ya F30, na vipande vya paini na mninga vya unene mmoja. Ninaomba vijana waje watatu watatu wakiwa na miwani. Kila mmoja ataweka regyuleta yake mwenyewe kuanzia bar 5, atapiga kwenye paini hadi kichwa kikae anapotaka, kisha ahamie kwenye mninga bila kugusa kitasa, aone kinachotokea. Wa mwisho atachomoa mpira, atazima kwa swichi, na kutoa maji.